Jogoo Kwenye Ukuta wa Monicah

Saa moja asubuhi, siku ya mkesha wa Krismasi, Bonareri alikuwa ametumbukiza mikono hadi viwikoni ndani ya karai la mavi ya ng'ombe, na roho yake ilikuwa kunjufu kabisa. Mvua ya Elinino ilikuwa imepumzika siku mbili. Jua lilikuwa limetoka, kuta zilikuwa zimekauka vya kutosha kushika rangi, na kati ya kuta nne alizoahidi kupaka mwaka huo wa tisini na saba ulikuwa umebaki mmoja tu, wa hoteli ya Monicah. Huo ndio uliokuwa mkubwa kuliko zote pale senta ya Kobare, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Sindo.

Mtu asikudanganye kwamba kupaka ukuta ni kuchovya na kusiriba. Bonareri alikuwa na makopo saba yamepangwa kivulini. Udongo mwekundu aliuchimba kandokando ya barabara, pale trekta la kaunsili lilipokwangua na kuondoka bila kurudi. Mweupe aliutoa ng'ambo ya kijito, na mwaka huu ilibidi avuke maji ya kiunoni, ndoo kichwani. Nyeusi ilitoka kwenye mawe ya redio, yaani betri, yaliyokwisha nguvu. Aliyapasua akasaga ule mkaa wa ndani. Samawati ilikuwa buluu ya kufulia mashati ya shule. Kijani ilikuwa majani ya maharagwe. Na katika kila kopo alitia ute wa mrenda uliochemshwa, huo huo ambao watu hula na ugali, ili rangi isikimbie na mvua ya kwanza. Hilo la mrenda alilijua yeye peke yake, na mtu akimuuliza siri yake alijibu kwamba ni maombi.

Kobare ina desturi yake. Kila Desemba wanawake hukandika upya kuta zilizoliwa na mvua, halafu huzichora: mistari ya nyoka, magamba ya samaki, vidole vitano vikiburutwa pamoja kwenye udongo mbichi. Jioni ya mkesha senta nzima hutoka kwa makundi kwenda kukagua, na ukaguzi huo hauna huruma. Watu husimama mbele ya ukuta wa mwenzao, mikono nyuma, wakasema waziwazi kwamba ng'ombe huyu ni mbuzi. Hakuna anayeandika jina ukutani, lakini kila mkono unajulikana. Wale wenye nyumba za saruji, masikini, wao hununua puto dukani kwa Machuki na karatasi ya choo ya rangi ya waridi, wakaitundika kutoka nguzo hadi nguzo. Mwaka huu barabara ya Homa Bay ilikatwa na maji wiki mbili nzima, na Machuki akapandisha bei ya karatasi hiyo hadi mwalimu mkuu akasema kwa bei hiyo yeye ataitumia kwa kazi yake ya kawaida.

Bonareri mwenyewe alikuwa Msabato. Bogonko, mzee wa kanisa lao, alimuuliza kila mwaka ni wapi kwenye Biblia palipoandikwa tarehe ishirini na tano, na kila mwaka alimjibu, "Mzee, mimi sisherehekei. Mimi napaka." Alikuwa amekuja Kobare kutoka Kisii miaka kumi na miwili iliyopita pamoja na mumewe Momanyi, fundi wa cherehani. Wajaluo walimwita nyar Kisii, yaani binti wa Kisii. Mwanzoni walimwita hivyo kwa kumtenga. Siku hizi walilitaja jina hilo kwa kuringa, kwamba ukuta huu umepakwa na nyar Kisii.

"Nyar Kisii, chai yako inapoa," Monicah alisema, akiweka kikombe juu ya kigoda. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mashua kutoka ziwani, na hoteli yake ya chai na samaki ilikuwa ndiyo bunge la Kobare. "Sasa hapa kando ya mlango utaweka nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kila mwaka, kando ya mlango wa Monicah, Bonareri alichora jogoo. Krismasi bila kuku ni Alhamisi tu kama Alhamisi nyingine, na watoto walikuwa wakija kuhesabu manyoya ya mkia. Lakini Jumatatu iliyofuata Krismasi ilikuwa siku ya kura, na jogoo alikuwa alama ya chama cha serikali. Kobare yote, kuanzia wavuvi hadi mama wa omena, wale wauza dagaa wa ziwani, ilikuwa ya chama cha trekta.

"Samaki," Bonareri alisema.

"Samaki nauza kila siku. Nani atasimama kuangalia samaki?"

"Basi taa."

"Taa ni chama."

"Simba?"

"Chama."

"Hata simba?"

"Hata simba. Hawa watu walichukua kila kitu," Monicah alisema. "Wametuachia punda."

Bonareri alicheka, lakini si sana, maana alikuwa na jambo lililokuwa likimkaba tangu Agosti. Binti yake mkubwa, Beverlyne, alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi. Alitakiwa kuripoti tarehe sita Januari, na barua ilisema aje na kitambulisho, au angalau ile karatasi ya kusubiri kitambulisho. Asiporipoti, nafasi yake inapewa mwingine. Ili upate karatasi hiyo, lazima fomu iwe na sahihi na muhuri wa naibu wa chifu, na fomu ya Beverlyne ilikuwa imelala ndani ya mkoba wa Naibu Chifu Wasonga kwa miezi minne. Mara wino wa muhuri umekauka. Mara yuko mkutanoni. Mara, na hili ndilo lililomuuma Bonareri hadi usingizini, "Nyinyi si watu wa hapa. Pelekeni fomu yenu Kisii." Walipeleka Kisii. Chifu wa huko akasema msichana huyu simjui. Na kweli angemjuaje? Beverlyne alikulia Kobare, alisoma Kobare, na hata akiota huota kwa Kijaluo.

Bonareri hajamaliza chai, Wasonga huyo. Alikuja akisukuma baiskeli, kofia ya kaki kichwani, mkoba wa ngozi begani, na nyuma yake askari kijana mwenye bunduki ndefu, aliyeitwa Werema, Mkuria kutoka Ntimaru ambaye hakuwa amemaliza hata mwezi mmoja Kobare. Watu walimwita Wasonga chifu mzima, kwa sababu alipenda.

"Bonareri," alisema bila kusalimu. "Jogoo iko wapi?"

"Jogoo gani, Chifu?"

"Ile ya kila mwaka. Leo saa nane mkubwa kutoka Nairobi anapita hapa akienda mkutano Sindo. Gari yake inapita mbele ya ukuta hii. Nataka apate jogoo. Kubwa. Kutoka mlango mpaka dirisha."

"Lakini hii ni mapambo ya Krismasi, Chifu."

"Nani amekataza Krismasi? Weka nyota, weka malaika, weka hata wale mamajusi. Jogoo iwe katikati."

"Chifu," Monicah aliingilia, "wateja yangu wote ni watu ya trekta. Watahama waende kwa nani sijui."

"Monicah, leseni yako inaisha mwezi hii. Ama naota?"

Monicah alifunga mdomo, jambo ambalo watu wachache wamewahi kulishuhudia. Naye Wasonga akafungua mkoba polepole, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua. Bonareri aliujua mwandiko ule wa duara wa Beverlyne hata kabla hajausogelea.

"Jogoo ikipata kichwa na mkia," Wasonga alisema, "mimi naweka sahihi na muhuri. Hapa hapa. Sitasema tena Kisii."

Bonareri alitazama karatasi, akatazama ukuta. Hasira zilimpanda hadi masikioni, kwa sababu ile ilikuwa haki ya mtoto wake na huyu mtu alikuwa akiipepea mbele yake kama anayemwita mbwa. "Sawa, Chifu," alisema.

Alitaka kuchora jogoo mbaya. Ndiyo nia aliyoingia nayo: jogoo mwenye miguu kama ya meza, amalize, achukue karatasi yake, aende. Lakini mkono una kiburi chake. Alipoanza shingo kwa gunzi la mahindi, shingo ilipanda juu kwa mkunjo mzuri kiasi kwamba angeona haya kuiharibu. Kifua alikipaka kwa kiganja kizima, udongo mwekundu juu ya udongo mwekundu, hadi kikavimba. Mkia aliutengeneza kwa unyoya wa kuku wa kweli na kijiti alichokitafuna ncha. Ulikuwa na manyoya saba, na kila unyoya alikuwa ameutia urembo wake: mmoja magamba ya samaki, mmoja mistari ya nyoka, mmoja vitone vyeupe juu ya nyeusi, mmoja samawati tupu isiyo na kitu. Mwisho akaweka jicho, jeupe, lenye nukta moja ya mkaa. Jicho lile lilikuangalia popote uliposimama.

Wanawake waliotoka kwenye omena walisimama barabarani na makarai yao kichwani. Kwa muda wakasahau vyama. Bonareri naye alirudi nyuma hadi katikati ya barabara, akasimama, mikono imening'inia ikichuruzika. Tangu azaliwe hakuwahi kuchora kitu kama kile, na alijua hivyo, na furaha ilimjaa hata machozi yakamlenga.

Saa sita Wasonga alirudi. Hata yeye alivua kofia. Hakusema neno la sifa, maana sifa ni kitu ambacho ofisi yake haikuwa nacho, lakini aliweka fomu juu ya kiti cha baiskeli, akatia sahihi, akaupulizia muhuri pumzi mara mbili, akagonga. Bonareri aliipokea kwa ncha za vidole viwili vilivyokuwa safi kidogo, akaikunja, akaiingiza kifuani ndani ya sidiria. Wasonga akapanda baiskeli kwenda njia panda kumlaki mgeni, Werema akimfuata mbio na bunduki yake.

Hawajapotea kwenye kona, vijana wa ufuoni wakatokea na ndoo za maji. Walikuwa saba, na mbele yao James, mshona nyavu, mwenye fulana iliyochorwa trekta kifuani.

"Mathee," James alisema kwa upole, na upole wake ulitisha kuliko kelele. "Sisi tunakuheshimu sana. Lakini hiyo kitu inatoka."

"James, hiyo ni kuku ya Krismasi."

"Hapana, mathee. Hiyo Chifu ameamrisha. Tumesikia. Watu ya Sindo watapita hapa jioni waseme Kobare imeuzwa. Na watasema imeuzwa na nani? Nyar Kisii."

Hilo lilikuwa kweli, na Bonareri alilijua. Miaka kumi na miwili ya kujenga jina inaweza kubomoka kwa jioni moja, hasa mwaka wa kura, hasa kama kwenu ni kwingine. Aliwaeleza yote, hakuficha: fomu, Agosti, leseni ya Monicah, muhuri. James alikaa darasa moja na Beverlyne miaka minne, na kama si Beverlyne hesabu zake zingekuwa bado ziko pale pale. Aliishusha ndoo kidogo, ila hakuiweka chini.

"Hiyo ni sawa. Fomu si umeipata?"

"Nimeipata."

"Basi tufute."

"Chifu atarudi na mkubwa saa nane. Akute ukuta imefutwa, Monicah atafungiwa hoteli. Na mimi atanifuata na fomu yangu mpaka kwa kitanda."  Kisha akasema lile lililokuwa moyoni hasa. "Na tena hii mkia sifuti."

"Mkia?"

"Angalia hiyo mkia, James."

James aliangalia. Alitafuta kitu cha kuponda, kama wakaguzi wanavyofanya, akakosa. Mwenzake mmoja nyuma akakiri kwa sauti ndogo kwamba mkia ni moto.

"Lakini mathee," James alisema, sasa kama mtu anayeomba, "kuku ya Krismasi hatumpigii saluti."

"Kweli," Bonareri alisema. "Hatumpigii saluti." Aliugeukia ukuta. Jogoo alikuwa bado hajachorwa miguu. Alikuwa ameishia mapajani, na chini yake palikuwa na udongo mtupu hadi kwenye msingi. "Kwani kuku ya Krismasi sisi humfanyia nini?"

"Tunamla," James alisema.

 Bonareri aliokota kopo la rangi nyeusi, akapiga magoti.

Mstari wa kwanza aliuvuta chini ya tumbo la jogoo, mrefu, ulionyooka. Kisha akateremsha ubavu mmoja, na wa pili, akauviringisha chini. Monicah ndiye aliyetambua kwanza, na alilazimika kushika nguzo ya baraza. Ilikuwa sufuria. Sufuria kubwa ya harusi, yenye masikio mawili, na jogoo amesimama ndani yake hadi mapajani. Chini ya sufuria Bonareri akaweka mafiga matatu ya kijivu, na kati ya mafiga moto mwekundu wenye ndimi tano. Kulia akaweka kitunguu na nyanya mbili, na mwiko. Kushoto, kwa udongo mweupe ule wa ng'ambo ya kijito, akajenga mlima wa ugali.

Jogoo mwenyewe hakumgusa hata unyoya. Kifua kilikuwa mbele vilevile, mkia juu, jicho limeelekea barabarani. Hakuwa na habari yoyote.

James aliweka ndoo chini. Akakaa juu ya ndoo na maji yakamwagika akaloa suruali, na hakujali. Habari zilikimbia ufuoni, zikapanda sokoni, na haikupita nusu saa Kobare ilikuwa imejipanga mbele ya hoteli ya Monicah. Momanyi aliacha cherehani yake kwenye baraza ya Machuki, akaja na kipimo shingoni, akatazama ukuta, akamtazama mkewe, akasema kwa Kikisii kwamba watafukuzwa, halafu akacheka hadi akakohoa. Hata mzee Bogonko alikuja. Alisimama muda mrefu, mikono nyuma. Alisema tu kwamba chumvi haikuchorwa.

Magari yalifika saa tisa kasoro, mawili marefu na pikapu yenye vipaza sauti. Mkubwa alikuwa amesafiri tangu asubuhi akipungia mkono watu ambao hawakumpungia wao. Sasa aliona umati mkubwa kuliko wowote aliouona tangu Homa Bay, umejipanga mbele ya jogoo wa ukubwa wa mlango. Aligonga bega la dereva. Magari yakasimama, naye akashuka, kofia ya chama kichwani, uso umechanua.

Wasonga alishuka kwenye pikapu iliyombeba yeye, Werema na baiskeli, akaona sufuria. Uso wake ulibadilika rangi mara mbili, na mara ya pili haukurudi.

"Wananchi wa Kobare," mkubwa alisema, "nimepita sehemu nyingi. Sijaona makaribisho kama haya. Mmetuchorea jogoo, tena mmetuwekea na chakula. Huo ndio ukarimu." Akamwita mpiga picha, akasimama ubavuni mwa sufuria, mkono mmoja juu kama anayempa jogoo pongezi. Mwanga wa kamera ukapiga. Umati ulikuwa kimya, nyuso zimekazwa kama za matangani. James alikuwa ameuma kola ya fulana yake.

"Chifu," mkubwa alisema, "kazi nzuri. Hii ilikuwa fikira yako?"

Wasonga alifungua mdomo. Fikiria shida yake. Akisema ndiyo, ameweka jogoo wa serikali kwenye moto. Akisema hapana, lazima aeleze ni nini kibaya hapo, na hakuna njia ya kueleza bila kutamka neno sufuria. "Ni... ni ya wananchi, mheshimiwa," alisema.

"Vizuri sana." Mkubwa alijipigapiga tumbo, akaugeukia umati kwa utani. "Sasa firigisi ya hii kuku mtaniwekea mimi, ama namna gani?"

Pale ndipo alipopotea kabisa. Huko ziwani, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua habari ya firigisi. Mgeni hupewa paja, na kama ni mgeni wa heshima sana hupewa mapaja yote mawili. Firigisi haiombwi. Umati uliganda.

"Mheshimiwa," Monicah alisema kwa sauti tamu ambayo hata wateja wake hawakuijua, "paja tutakupa. Firigisi ni ya mwenye nyumba."

Kicheko kilichokuwa kimezuiwa kwa dakika kumi kilifumuka chote mara moja. Watu waliangukiana. Mkubwa naye alicheka, tena alicheka kuliko wote, akiona jinsi anavyopendwa Kobare, na alipokuwa akipanda gari alimshika Wasonga bega.

"Huyu jogoo asiguswe mpaka kura iishe. Nikirudi nataka nimkute. Weka askari."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Vumbi la magari lilipotua, Wasonga alimwendea Bonareri. Alikuwa amevua kofia na kuibana kwapani, na kwa kweli kwa nukta moja Bonareri alimhurumia.

"Rudisha fomu."

"Fomu iko, Chifu." Alinyoosha mikono yake yote miwili, imejaa mavi ya ng'ombe na masizi hadi viwikoni, kisha akaonyesha kifua chake kwa kidevu. "Iko hapa ndani. Mimi mikono ni chafu. Chukua mwenyewe."

Kobare yote ilikuwa ikitazama. Momanyi alisogea hatua moja. Mkono wa Wasonga ulinyanyuka kidogo kutoka ubavuni, ukafikiri, ukaingia mfukoni.

"Uko na kijana," alisema taratibu. "Elvis. Miaka miwili tu, atakuja kwangu na fomu."

Hiyo haikuwa ya kuchekesha. Bonareri aliijua njia ile yote: benchi lile la nje ya ofisi, wino uliokauka, rudi Jumanne, peleka Kisii. Angelazimika kuanza upya, na safari hiyo labda hakutakuwa na ukuta wa kubadilishana. 

"Atakuja, Chifu," alisema. "Si ni wa hapa."

Wasonga alivaa kofia yake. Akamwambia Werema abaki pale, asimwache mtu yeyote auguse ukuta ule, mchana wala jioni, hadi apewe amri nyingine. Kisha akasukuma baiskeli yake akaondoka, na watu wakampisha njia kwa adabu.

Ukaguzi haukuwahi kuwa na watu wengi kama jioni ile. Walikuja kutoka Sindo kwa miguu, wakaja wengine kwa mashua kutoka Takawiri, na vijana walikuwa wametundika vipande vya ile karatasi ya waridi kwenye kamba ya nyavu kutoka paa hadi paa. Walipita mstari mmoja mbele ya hoteli ya Monicah, mikono nyuma, na hakuna aliyesema kwamba huyu ni mbuzi. Mwisho wa mstari alisimama Werema, bunduki begani, akilinda sufuria ya serikali. Kila aliyefika kwake alimuuliza kama imeiva. Naye kila mmoja alimjibu kwa ukali uleule kwamba ni amri, msiguse. Monicah alimletea kiti, kisha chai, kisha samaki mzima.

Bonareri alikuwa ameinama kando ya baraza akisuuza makopo yake. Fomu alikuwa ameshamkabidhi Beverlyne, aliyeisoma mara tatu, muhuri na yote, na kuiweka ndani ya Biblia ya babake.

"Mama," Werema aliita.

"Naam, mwanangu."

Askari alitazama kulia, upande wa ofisi ya Wasonga, akatazama kushoto. Akateremsha sauti.

"Mwaka ujao nikipata likizo. Nyumba ya mama yangu huko Ntimaru iko na ukuta refu, inaangalia barabara. Unaweza kuja kumchorea?"

"Nimchoree nini? Jogoo?"

"Jogoo ni sawa," Werema alisema. "Lakini sufuria usisahau."